Kisanduku Kitupu Si Sifuri

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanachama wetu, mhasibu mstaafu, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka. Tumeichapa kama alivyoisema, isipokuwa salamu tumezifupisha.)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya jambo lolote litakalowafaa wazee na vijana kwa pamoja. Najua wengi wenu mlitarajia nisimulie habari za zamani: kengele ya alfajiri, zamu za kuchota maji, na maharage ya Jumatano. Habari hizo tutazizungumza jioni tukiwa tumekaa. Saa hii nataka kuzungumza juu ya daftari, na hasa daftari la siku hizi, ambalo halikai kabatini bali limo ndani ya kompyuta.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Maneno hayo ni ya kweli, nami nimeyaishi kwa zaidi ya miaka thelathini ya kazi ya uhasibu. Lakini yafaa tuongeze jambo moja: hata mali yenye daftari huisha bila habari, ikiwa daftari lenyewe lina matundu na msomaji wake hajui kuyasoma. Na si mali tu. Watu nao hupotea. Chama chetu kina daftari la wanachama, na kina mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wasio na uwezo. Madaftari yote mawili sasa yamo katika kompyuta. Kila mwaka Kamati huchuja majina na kuamua nani asaidiwe. Hivyo basi, matundu ya daftari ni habari ya mtoto fulani aliyeketi humu humu bwaloni.

Niwaeleze kwanza chombo chenyewe, maana wazee wenzangu baadhi yao wanakisikia tu. Kinaitwa lahajedwali. Ni karatasi kubwa ya hesabu iliyochorwa mistari inayolala na safu zinazosimama, na pale mstari na safu vinapokutana kuna kisanduku. Sisi wahasibu wa zamani tulikuwa na karatasi hizo hasa, pana kama meza, tukizijaza kwa kalamu ya risasi ili tuweze kufuta. Mwaka 1979, wakati kundi letu lilipokuwa Kidato cha Tatu katika shule hii, Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa programu iitwayo VisiCalc, iliyotumika katika kompyuta ndogo ya Apple II. Ndiyo iliyohamisha karatasi ile kwenda katika kioo cha kompyuta za mezani. Ikafuata Lotus 1-2-3 mwaka 1983, na Excel mwaka 1985. Karatasi yetu ya zamani ilikuwa na mistari thelathini au arobaini. Excel ya leo ina mistari 1,048,576 katika ukurasa mmoja.

Sasa, mtu hawezi kusoma mistari mingi kwa macho, na kwa ajili hiyo programu hizo zimepewa kichujio. Kila aliyekulia nyumbani kwetu anajua chekecheke. Unamimina unga, laini unapita, chenga zinabaki juu. Kichujio cha lahajedwali hufanya kazi kama hiyo: unakiambia, nionyeshe wale tu waliomaliza mwaka 1981, nacho kinaficha wengine wote. Zingatieni neno hilo, kinaficha. Hakimfuti mtu. Waliofichwa wamo bado katika daftari, ila hawaonekani, na asiyeonekana ni rahisi kusahauliwa.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye kisanduku kitupu.

Ndugu zangu, katika daftari la karatasi kisanduku kitupu kilikuwa na maana zaidi ya moja, nasi tulizijua kwa sababu aliyeandika tulimjua. Maana ya kwanza: hakuna kitu, mtu huyu hakulipa. Maana ya pili: hatujui, labda amelipa, labda hajalipa, risiti haijafika. Maana ya tatu: haimhusu, ni mwanafunzi mgeni aliyekuja baada ya mchango kupita. Karani wa zamani ukimwuliza atakujibu mara moja, ah, huyu ni wa nauli, baba yake ataleta mwisho wa mwezi. Kompyuta haina majibu hayo. Inaona utupu tu, na mbaya zaidi, utupu ule ule inautendea kwa njia mbalimbali kwa kutegemea umeiuliza nini.

Vijana, chukueni kalamu. Tuseme mchango ni shilingi 40,000, na kisanduku cha malipo ya mwanafunzi fulani ni kitupu. Ukiiambia kompyuta itoe malipo katika 40,000, itakupa deni la 40,000. Hapo imeuhesabu utupu kuwa ni sifuri. Sasa chukueni alama za mtihani za wanafunzi wanne: 60, 70, 50, na wa nne kisanduku chake ni kitupu kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Ukiomba wastani, kompyuta itakupa 60, yaani imegawanya kwa watatu. Huyo wa nne imemruka. Ukimwandikia sifuri, wastani unashuka hadi 45. Hapo utupu si sifuri hata kidogo. Halafu omba kichujio kikuonyeshe wote waliolipa chini ya 10,000. Mwenye 9,000 atatokea, mwenye 500 atatokea, aliyeandikiwa 0 atatokea. Mwenye kisanduku kitupu hatatokea. Kichujio hulinganisha tarakimu kwa tarakimu, na palipo tupu hapana tarakimu ya kulinganisha.

Tafadhalini liangalieni jambo hili vizuri. Ukitafuta waliolipa kidogo, kichujio kitakuletea waliolipa kidogo, na kitamficha asiyelipa chochote. Yaani yule mwenye shida kuliko wote ndiye anayeachwa nje.

Nitawapa kisa nilichokishuhudia. Chama kimoja, ambacho sitakitaja, kiliniita kuangalia hesabu zake. Kilikuwa na mfuko kama wetu, na kamati yake iliamua kwamba kila mwanafunzi ambaye kwao wamelipa chini ya shilingi 10,000 katika mchango wa mwaka anunuliwe godoro, madaftari na viatu. Uamuzi mzuri wa watu waungwana. Karani akachuja, yakatoka majina 23. Orodha ikapigwa chapa, ikatiwa sahihi, vitu vikanunuliwa. Hakuna aliyenung'unika, maana mtoto ambaye jina lake halimo hajui hata kwamba orodha ipo.

Siku ya kugawa, matroni wa mabweni, mama mtu mzima asiyejua kompyuta, aliitazama ile karatasi akaniambia: "Mzee wangu, samahani, mimi si msomi. Lakini yule mtoto anayelala kwenye godoro la kuazima mbona simwoni humu? Na yule anayevaa kandambili darasani?"

Nikamwambia karani, "Mwanangu, hebu ondoa kichujio tuone wote."

Akaondoa. Tukawakuta. Walikuwa 11, na katika safu ya malipo mbele ya kila mmoja palikuwa patupu. Jumla ya waliostahili ilikuwa 34. Orodha ilikuwa na 23. Karani hakuwa mwizi wala mvivu. Aliacha patupu kwa sababu hapakuwa na cha kuandika. Katika daftari la karatasi asingeulizwa na mtu. Matroni aliwajua watoto kwa sura, kompyuta iliwajua kwa tarakimu, na wale 11 hawakuwa na tarakimu.

Bila shaka mtaniuliza, basi tufanye nini kichujio kinapotoa majibu yasiyoeleweka? Kuuliza si ujinga. Nitaeleza kwa kutumia Excel, kwa kuwa ndiyo iliyoenea maofisini, lakini programu nyingine zinafuata njia iliyo karibu na hiyo. Nimezipanga kasoro tano kwa namna ninavyozitafuta mimi mwenyewe, nikianzia na iliyo rahisi kuonekana.

Kasoro ya kwanza ni mstari mtupu katikati ya orodha. Makatibu wengi hupenda kuacha mstari mmoja wazi baina ya mwaka na mwaka ili daftari lipendeze. Ukiweka kishale chako katika kisanduku kimoja tu na kuwasha kichujio, kompyuta inatafuta yenyewe mwanzo na mwisho wa orodha, na ikikutana na mstari ulio mtupu kabisa inasema, orodha imekwisha. Walio chini ya mstari huo hawamo katika kichujio. Dalili zake ni mbili. Ukifungua orodha ndogo ya kuchagulia, miaka yao haimo. Na ukichuja, majina yao yanabaki yakionekana chini, wanaohusika na wasiohusika, kana kwamba hukuchuja kitu. Dawa yake: zima kichujio, futa mistari mitupu yote, kisha washa tena. Kama hutaki kuifuta, chagua orodha yote kwa mkono tangu kichwa hadi jina la mwisho, ndipo uwashe kichujio.

Safu tupu ina hatari hiyo hiyo, tena kubwa zaidi mtu anapopanga majina kwa alfabeti. Ikiwa kuna safu tupu baina ya majina na namba za simu, kompyuta inaweza kuyapanga majina upya na kuziacha simu mahali pake. Baada ya hapo kila mwanachama ana simu ya mwenzake, na salamu za rambirambi zinapelekwa kwenye nyumba isiyo na msiba.

Kasoro ya pili ni jina lililoandikwa mara moja tu. Katika karatasi tuliandika "Bweni la Mkwawa" juu, na chini yake tukaorodhesha vijana ishirini bila kurudia jina la bweni. Macho ya binadamu yanaelewa. Kichujio hakielewi. Ukiomba bweni la Mkwawa utapewa kijana mmoja, yule wa kwanza, na wenzake 19 watafichwa kwa kuwa visanduku vyao vya bweni ni vitupu. Ni vile vile pale mtu anapounganisha visanduku ishirini kuwa kimoja kikubwa ili jina likae katikati na kupendeza. Kwa macho ni kimoja, lakini kwa kompyuta neno limekaa katika kisanduku cha juu peke yake, na vingine vyote ni vitupu.

Dawa ni kutenganisha visanduku hivyo na kujaza kila kimoja. Huna haja ya kuandika mara ishirini. Chagua safu hiyo kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho, bonyeza kitufe cha F5, fuata palipoandikwa Special, kisha uchague Blanks, yaani vitupu. Sasa vitupu vyote vimechaguliwa. Andika alama ya sawasawa, bonyeza mshale wa juu mara moja, halafu bonyeza Ctrl na Enter kwa pamoja. Kila kisanduku kitachukua neno la kilicho juu yake. Mwisho nakili safu nzima na uibandike papo hapo kama maneno matupu yasiyo na fomula, ili ukija kupanga majina baadaye yasivurugike. Nawatahadharisha: kwanza ondoeni mistari mitupu ya kasoro ya kwanza, la sivyo nayo itajazwa. Na msitumie njia hii katika safu ya fedha hata siku moja, maana mtampa asiyelipa malipo ya jirani yake.

Kasoro ya tatu ni kisanduku kinachoonekana kitupu na kumbe si kitupu. Mtu alibonyeza kibao cha nafasi akaondoka. Macho hayaoni kitu, lakini ndani mna herufi moja ya nafasi. Au mna fomula iliyoagizwa isionyeshe neno lolote. Kupima ni rahisi. Katika safu ya pembeni andika fomula ya LEN ikitaja kisanduku hicho. Ikijibu 1, basi mna nafasi iliyojificha, nawe ifute. Kwa orodha nzima kuna kipimo kingine nikipendacho. Fomula ya COUNTA huhesabu vilivyo na kitu, na COUNTBLANK huhesabu vitupu. Jumlisha majibu yote mawili ulinganishe na idadi ya visanduku. Yakizidi, jua mna fomula zisizoonyesha neno, kwa sababu visanduku vya namna hiyo huhesabiwa pande zote mbili.

Kasoro ya nne ni kichujio cha jana kilichosahauliwa. Jana ulichuja mwaka 1985, leo unachuja wasiolipa, na unashangaa kwamba wasiolipa ni wachache mno. Vichujio viwili vinafanya kazi kwa pamoja: unaonyeshwa wasiolipa wa mwaka 1985 tu. Tazama namba za mistari upande wa kushoto. Zikiwa za buluu na zikiruka, mathalani 7, kisha 19, kisha 42, kuna watu waliofichwa. Tazama na chini ya kioo, ambako mara nyingi kompyuta yenyewe husema imepata wangapi kati ya wangapi. Kadhalika, ukiongeza au kusahihisha majina baada ya kuchuja, kichujio hakijipimi upya chenyewe. Hapana budi ukiamuru tena. Ninachowashauri ni kuanza kila kazi kwa kuondoa vichujio vyote na kuhesabu watu.

Kasoro ya tano ni jumla isiyolingana na kinachoonekana. Mweka hazina anachuja kundi la 1990, anaona malipo ya watu kumi, lakini jumla chini ni ya chama kizima. Fomula ya kawaida ya SUM hujumlisha na waliofichwa. Ukitaka jumla ya wanaoonekana tu, tumia SUBTOTAL na namba 9 mbele yake. Zote mbili ni sahihi, kila moja kwa swali lake. Makosa huanza pale mtu anaposoma jibu la swali ambalo hakuuliza.

Najua kuna wanaosema moyoni kwamba haya ni mambo ya makarani, na wakubwa hawafikwi nayo. La hasha. Mwaka 2010 wachumi wawili mashuhuri, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi. Walionyesha kwamba nchi zilizoendelea ambazo deni lake linazidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa wastani ulio chini ya sifuri, asilimia 0.1 kwenda chini. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliitaja makala hiyo walipokuwa wakitetea kubana matumizi ya serikali.

Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, aitwaye Thomas Herndon, alikuwa akiirudia hesabu hiyo kama zoezi la darasani, na majibu yake hayakulingana. Aliwaomba wenyewe lahajedwali lao, nao wakampa. Akakuta kwamba fomula ya wastani iliishia mistari mitano kabla ya mwisho wa orodha. Nchi tano zilikuwa zimeachwa nje: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Pamoja na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, alionyesha pia kwamba miaka fulani ya nchi nyingine haikuingizwa, na kwamba namna ya kupima uzito wa kila nchi ilikuwa na mashaka. Yote yaliposahihishwa kwa hesabu yao, wastani ukawa asilimia 2.2 kwenda juu. Reinhart na Rogoff walikubali kosa la lahajedwali, ingawa walishikilia kwamba kwa ujumla deni kubwa huenda pamoja na ukuaji mdogo.

Vijana wangu, angalieni nani aligundua. Ni mwanafunzi aliyepewa zoezi, akaona majibu hayalingani, asiseme "bila shaka wakubwa wamepatia, mimi ndiye niliyekosea." Aliomba daftari akahesabu mistari. Matroni wa kile chama naye alifanya kazi ile ile kwa njia yake. Aliuliza nani hayumo.

Swali hilo ndilo ninalotaka mtoke nalo humu ndani. Orodha yoyote iliyochujwa humwonyesha msomaji nani yumo. Haitamwonyesha kamwe nani hayumo. Lazima mtu aulize, na anayeuliza lazima awe na namba mkononi: tulikuwa wangapi kabla ya kuchuja, wangapi wametokea, wangapi wamefichwa, na je, waliotokea na waliofichwa wakijumlishwa wanafikia idadi yetu? Hesabu hiyo ya darasa la pili ingewaokoa wale 11 kabla matroni hajasema neno.

Ndugu Mwenyekiti, kabla sijaketi ninayo mapendekezo manne kwa Kamati yetu, kwa kuwa mwezi ujao itachuja orodha ya wanafunzi wa kusaidiwa.

La kwanza, katika safu ya malipo pasiwe na kisanduku kitupu hata kimoja. Asiyelipa aandikiwe 0. Ambaye habari zake hazijafika aandikiwe neno "haijulikani" katika safu ya maelezo, na mtu apewe jukumu la kumfuatilia kabla ya kikao. Msimwandikie 0 mtu msiyejua habari zake ili tu kuziba tundu, maana hapo mtakuwa mmeugeuza ujinga wetu kuwa deni lake.

La pili, badala ya kuchuja kwa malipo, tuwe na safu ya salio, yaani mchango ukitolewa malipo, na tuchuje kwa hiyo. Kama nilivyoonyesha, kutoa huuhesabu utupu kuwa sifuri, kwa hiyo hata karani akisahau kisanduku kimoja, mtoto yule atatokea akiwa na deni kamili. Ni afadhali atokee mtu asiyestahili, tukamwuliza, kuliko afichwe anayestahili.

La tatu, kila orodha inayoletwa kwenye kikao iandikwe chini yake namba mbili: walioonekana na waliofichwa. Orodha isiyo na namba hizo irudishwe.

La nne, na hili nalisema kwa heshima zote, kabla orodha haijatiwa sahihi asomewe matroni na walimu wa mabweni. Wao wanajua mtoto yupi anaazima shuka. Kompyuta ni mtumishi mwepesi, lakini haijawahi kufika bwenini usiku.

Na ninyi wanafunzi, Kamati inahitaji vijana wanne wa Kidato cha Tatu na cha Tano wakae na Katibu Jumamosi mbili waijaze orodha yetu. Mnajua kutumia vyombo hivi kuliko sisi. Kazi haina malipo ila chakula cha mchana, nami nitakuwepo. Mtapata kujifunza kitu ambacho mwajiri yeyote atafurahi kukikuta kwenu, nacho ni tabia ya kuhesabu wasioonekana.

Mwisho kabisa, katika daftari la wanachama kuna wenzetu ambao safu zao za anwani na simu ni tupu. Baadhi yao tulikaa nao dawati moja. Katibu akichuja wenye simu ili atume mwaliko, hao hawatokei, na mwaka hadi mwaka hawaji mkutanoni, nasi tunasema wametusahau. Orodha yao nimeomba ibandikwe ukutani hapo mlangoni. Tafadhalini mkitoka kila mmoja aisome, na mwenye habari za mwenzetu yeyote aandike kwa kalamu iliyofungwa kwa uzi pembeni. Tukiziba mashimo hayo leo, mwakani tutahitaji viti zaidi.